Maji ya Mbegu za Chiriku

Bi Sharifa binti Kombo alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa hakudhani kwamba ilihitaji maelezo: maji yaliyooshea nafaka hakuyamwaga katika mfereji wa maji machafu. Mchele, kunde, choroko au mtama, vyote ni chakula alichokiteremsha Mungu, na punje iliyoponyoka pamoja na maji haikustahili kupita njia ya uchafu. Hivyo ndivyo alivyolelewa Pangani, na hivyo ndivyo alivyofanya kwa muda wa miaka tisa katika nyumba ya Bwana Mubarak, Al Wukair, katika nchi ya Waarabu, alikokuwa mpishi na msimamizi wa jiko. Alitoka na bakuli kwa mlango wa nyuma, akainama, akayamwaga maji taratibu katika vyungu vitano vya mrehani vilivyopangwa ukutani.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, chiriku saba wa Bwana Mubarak walianza kunyonyoka manyoya. Jambo hilo hutokea kila mwaka joto linapopungua, na kila mwaka mzee huyo aliwaongezea ndege wake mbegu zenye mafuta ili manyoya mapya yatoke upesi. Mwaka huo duka la ndege alilolizoea lilikuwa limefungwa. Ghalani, hata hivyo, kulikuwa na kopo la bati alilolinunua safarini miaka sita kabla na kulisahau. Ndani yake mlikuwa na mbegu ndogo za mviringo, za kijivu, zenye mabaka kama yai la kware. Hakuna aliyezijua kwa jina. Nyumbani humo ziliitwa mbegu za chiriku, basi.

Chiriku waliziokota, wakazigeuza mdomoni, wakaziachia. Ziliangukia trei ya tundu kwa mlio wa changarawe.

"Zimekufa," alisema Bwana Mubarak.

"Zimezeeka, Baba," alijibu Bi Sharifa. Watumishi wote wa nyumba hiyo walimwita mzee huyo Baba, kama ilivyo desturi ya huko. "Kitu kilichozeeka hulainishwa. Niachie mimi."

Kuanzia siku iliyofuata, kila alfajiri baada ya sala, alizishughulikia mbegu hizo kama alivyozishughulikia kunde kavu kwa miaka hamsini. Aliziosha, akazitia katika chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu, akaifunga mpaka asubuhi ya pili. Zile za jana alizichuja, akawapelekea ndege. Ndege walikula. Maji yaliyobaki aliyatoa nje kwa mlango wa nyuma.

Chumba cha Laban, dereva wa nyumba hiyo, kilikuwa karibu na jiko, kando ya lango. Laban alikuwa Mkenya wa Kitale, mtu wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mcheshi, aliyeimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa lake huko Mesaimeer kila Ijumaa. Alimwita Bi Sharifa Shosho, yaani bibi. Mwanzoni Bi Sharifa alilikataa jina hilo, akisema kwamba yeye si bibi wa mtu asiyejua kukunja mashuka yake, lakini baadaye alilizoea.

"Shosho!" aliita Laban asubuhi moja kutoka dirishani. "Kwani kila siku unanoa panga? Unataka kumchinja nani?"

"Atakayeamka baada ya jua," alisema Bi Sharifa. "Vyungu havijanyweshwa. Toka huko."

Laban alitoka, akachukua mpira wa maji, akavinywesha vyungu. Kazi hiyo alipewa na mzee mwenyewe. Aliifanya asubuhi na jioni, naye alikinywesha chochote kilichokuwamo ndani ya chungu bila kuuliza.

Wiki sita zilipita. Alhamisi moja alasiri, Hamad, mwana wa pekee wa Bwana Mubarak, alisimama nyuma ya jiko akizungumza kwa simu. Alipokuwa akizungumza, aliyatazama majani ya mrehani, kisha akaacha kuzungumza. Katikati ya mrehani yalisimama mashina matatu ambayo hayakuwa mrehani. Refu kuliko yote lilikuwa na kimo cha shubiri mbili. Majani yake yalichanua kama vidole vya mkono, na kingo zake zilikuwa na meno ya msumeno.

Aliyang'oa yote matatu, akayaweka juu ya trei ya kahawa, akayapeleka katika majilisi, sebule ambamo baba yake alipokea wageni. Laban na Bi Sharifa waliitwa.

"Hii ni bangi," alisema Hamad. "Imeota ndani ya ukuta wetu. Nani anayevinywesha vyungu vile?"

"Mimi," alisema Laban.

"Na miezi mitatu iliyopita ulikuwa wapi?"

"Kwetu. Likizo. Si ni wewe ulinipeleka uwanja wa ndege?"

"Na ukarudi na nini?"

"Nilirudi na majani chai! Pakiti mbili, moja nikampa Baba." Laban aliitazama trei. "Mimi nilidhani ni bamia za Shosho."

"Bamia ndani ya mrehani?" alisema Bi Sharifa. "Umeona wapi?"

"Sasa mimi ningejua aje? Wewe ndiye mwenye vyungu."

Bwana Mubarak aliliinua shina moja, akalinusa, akalirudisha. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na hakuwa na desturi ya kusema upesi. "Umelijuaje jani hili?" alimwuliza mwanawe.

"Nilisoma ng'ambo miaka minne, Baba. Kila mtu kule analijua."

"Mimi nimefika nchi kumi na moja, wala silijui."

Hamad alisema tu kwamba adhabu ya mambo hayo ilikuwa kubwa, kwamba jina la nyumba lingechafuka, na kwamba polisi waitwe jioni hiyo hiyo wamchukue dereva. Bwana Mubarak alinyoosha mkono. Laban aliutia ufunguo wa gari katika kiganja chake.

"Hatapita lango mpaka nitakapoamua," alisema mzee. "Wala hataitwa mtu."

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Gari la kanisa lilisimama barabarani, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Laban alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati lake jeupe la kwaya. Alijua, kama walivyojua watumishi wote wa nchi ile, kwamba mtu aliyekutwa na jani hilo hangefukuzwa kazi tu. Angefungwa jela miaka asiyoweza kuihesabu, na mke wake huko Kitale angeipata habari hiyo kwa watu.

Bi Sharifa alipeleka kahawa katika majilisi baada ya sala ya Ijumaa. Ile trei ilikuwa bado mezani, mashina yakiwa yamenyauka. Alipokuwa akiisogeza ili aweke birika, aliona kitu kwenye shina dogo kuliko yote. Mizizini, katikati ya udongo uliokauka, ganda la mbegu lilikuwa limenasa, nusu moja, tupu. Aliliokota kwa ukucha, akaliweka kwenye kiganja, akalitazama kwa muda. Lilikuwa la kijivu, nalo lilikuwa na mabaka.

Hakutoka chumbani. Aliiweka birika chini.

"Baba," alisema, "bangi hii nimeipanda mimi."

Alieleza kwa mpangilio: kopo, mbegu, chupa ya chai, maji, vyungu. Alieleza kwamba chekecheke lake lilikuwa na tundu pembeni, na kwamba punje zilizopenya ziliingia katika maji. Alieleza pia kwa nini hakuyamwaga maji hayo katika mfereji. Bwana Mubarak aliitikia kwa kichwa aliposikia sababu hiyo, kwa kuwa mama yake mwenyewe aliokota makombo ya mkate njiani na kuyaweka juu ya ukuta.

Hamad alicheka. "Anamtetea mwenzake. Kopo lile ni la miaka sita. Mbegu zile ni mawe."

"Lete kopo," alisema mzee.

Lililetwa. Mzee aliitia punje moja katikati ya magego, akauma, akaitema nzima. Alimtazama Bi Sharifa.

"Baba, fikiri," alisema Hamad, naye sasa hakuwa akicheka. "Nani alilinunua kopo hili? Ukiyakubali maneno yake, basi bangi si ya dereva wala si ya mpishi. Ni yako."

"Ikiwa ni yangu, ni yangu."

"Hujui unalolisema."

"Najua kwamba chiriku wangu wamekula mbegu hizi mwezi mzima na zaidi, na kwamba wewe unataka mtu mwingine afungwe kwa ajili ya chakula cha chiriku." Mzee alilifunga kopo, akaliweka kando ya goti lake, akamgeukia Bi Sharifa, ambaye alizoea kumwita kwa jina la mwanawe. "Umm Abubakari, zioteshe. Hapa mbele yangu, si jikoni. Zikiota, dereva atarudishiwa ufunguo wake, na kilichobaki nitakiteketeza mwenyewe. Zisipoota mpaka Jumatano adhuhuri, Hamad atapiga simu yake."

"Na zikiota," Hamad alimwambia Bi Sharifa kwa sauti ya chini mlangoni, "mpandaji ni wewe. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria," alisema Bi Sharifa, "nami nimelisema mbele ya baba yako. Naomba unipishe."

Jioni hiyo alifanya kazi juu ya meza ya majilisi. Hamad alileta vyombo kwa mkono wake ili pasiwe na hila: bakuli jipya la kioo, chupa ya chai iliyosuguliwa, kitambaa cheupe cha pamba. Bwana Mubarak alihesabu mbegu ishirini. Bi Sharifa aliziosha katika bakuli, akazitia katika chupa yenye maji ya uvuguvugu, akaifunga. Jumamosi jioni alizitoa, akazifunga katika kitambaa kilicholowa, akakiweka kitambaa katika sahani iliyofunikwa. Mzee aliiweka sahani hiyo juu ya kabati, mbali na kiyoyozi, akaketi chini yake akivuta tasbihi.

Jumapili jioni walifungua. Mbegu zilikuwa ishirini, safi, zenye kung'aa, ngumu. Hamad alizigonga juu ya sahani moja baada ya nyingine. Zililia.

"Mawe," alisema.

Bwana Mubarak aliifunika sahani. Alikuwa ametumaini, na jambo hilo lilionekana.

Bi Sharifa alimpelekea Laban wali na maharage, akaketi juu ya kigoda mlangoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja tangu amjue.

"Hazijaota," alisema.

Laban alikisogeza kijiko ukingoni mwa sahani. "Basi imeisha."

"Bado kuna siku tatu."

"Shosho, siku tatu za nini? Hawa watu wameshaamua. Huyo Hamad ananiangalia kama mtu ananunua mbuzi. Mimi hata sigara sijawahi onja. Mke wangu akiuliza nilifungwa kwa nini, atajibiwa nini? Bamia?"

"Kula."

"Sili."

"Nimesema kula. Ukienda jela na njaa utasema mimi ndiye niliyekunyima." Bi Sharifa aliikunja mikono yake. "Sielewi. Nimefanya kama ninavyofanya siku zote. Nimeziosha. Nimezitia katika chupa. Nimezichuja."

"Hujafanya."

"Unasemaje?"

"Nasema hujafanya kama siku zote. Mimi niko hapa siku nzima nimefungiwa, nasikia mpaka paka wakitembea. Sijasikia ile kelele."

"Kelele gani?"

"Ile ya panga, Shosho! Krr, krr, krr, kila asubuhi. Mwezi mzima unaniamsha nayo. Juzi uliosha huko kwa mzee, nikatega sikio, kimya. Nikasema, leo Shosho ameamua kutuhurumia."

Bi Sharifa alikuwa akiitazama mikono yake. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kwenda peke yake juu ya goti, ukibana, ukizungusha, ukisukuma mbele kwa tako la kiganja. Aliosha kunde hivyo. Aliosha choroko hivyo pia, ili ganda lilegee: humiminwa juu ya waya wa chekecheke, huminywa kwa kiganja, husuguliwa mpaka mkono uchoke. Tangu alipokuwa na umri wa miaka saba hakuwahi kuosha nafaka kavu kwa namna nyingine. Kwake yeye huko ndiko kuosha, na ndiyo sababu hakukutaja alipoeleza. Katika majilisi, mbele ya wanaume wawili na bakuli la kioo, hapakuwa na chekecheke, na mkono wake ulizungusha maji matupu.

"Maliza wali wako," alisema, akainuka.

Jumatatu asubuhi aliingia katika majilisi akiwa na chekecheke lake la waya, lile lenye tundu pembeni, akaomba mbegu ishirini nyingine. Hamad alisema kwamba huo ulikuwa ujanja mpya. Baba yake alihesabu mbegu.

Bi Sharifa aliketi sakafuni, akaliweka chekecheke katikati ya magoti, akasugua. Mlio ulijaa chumba na kutoka nje. Kutoka upande wa lango sauti ya Laban ilisikika: "Hiyo ndiyo! Hiyo hiyo!" Bwana Mubarak aliuliza dereva alikuwa akisema nini. Bi Sharifa alimfasiria. Mzee aliiokota mbegu moja, akaitazama karibu na jicho. Mabaka yalikuwa yamefutika upande mmoja, na juu ya ganda palikuwa na mikwaruzo myembamba, kama sarafu iliyoburuzwa juu ya saruji.

Zililala katika chupa mpaka Jumanne asubuhi. Kisha zikafungwa katika kitambaa, zikafunikwa, zikawekwa juu ya kabati. Siku hiyo Bi Sharifa alipika, akafua mataulo, akafuta vioo vya madirisha ambavyo vilikuwa safi. Hakuna aliyemwuliza neno. Jioni aliufungua mfuko wake wa nguo, akaufunga tena vizuri, akauweka karibu na mlango, kwa kuwa hakupenda kusubiriwa na polisi huku akitafuta kanga.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, Bwana Mubarak aliishusha sahani kwa mikono miwili. Hamad alisimama nyuma yake, simu mkononi. Kitambaa kilifunguliwa pindo baada ya pindo.

Mbegu kumi na sita zilikuwa kama zilivyokuwa. Nne zilikuwa zimepasuka kwenye mshono wa ganda, na katika kila mpasuko lilitokeza jino jeupe, dogo, lililopinda.

Mzee aliligusa moja kwa ncha ya kidole. "Subhanallah," alisema. "Miaka sita." Kisha, bila kugeuka: "Hamad, weka simu."

"Baba, mwanamke huyu amekiri kwamba..."

"Amekiri kwamba aliwalisha ndege wangu kwa mbegu zangu kwa amri yangu. Weka simu, uchemshe maji."

Hamad alichemsha maji. Bwana Mubarak alizirudisha mbegu zote ndani ya kopo, akaweka humo pia mashina matatu makavu, akamimina maji yanayochemka mpaka ukingoni, akafunika. Alasiri alikichoma kila kilichokuwamo katika pipa nyuma ya ukuta, akisimama upande usiopelekwa moshi, mpaka majivu yakapoa. Udongo wa vyungu vitano ulitupwa. Mrehani ulipandwa upya. Bi Sharifa aliamriwa kwamba tangu siku hiyo maji ya nafaka yote, bila kubagua, yamwagwe katika mfereji. Alisema, "Nimesikia, Baba." Mzee hakumwuliza kama angetii.

Ufunguo wa gari mzee hakuupeleka mwenyewe. Alimpa Bi Sharifa aupeleke, juu ya sahani ndogo ya tende.

Laban aliutazama ufunguo kwa muda kabla ya kuuchukua. "Amesema nini?"

"Amesema kesho saa moja umpeleke Hamad kazini."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Tende zimetoka kwake pia."

Laban alikula tende moja, akatia kokwa mfukoni. "Na wewe, Shosho? Mfuko wako niliuona pale mlangoni."

"Mfuko ulikuwa unapigwa upepo," alisema Bi Sharifa.

Alhamisi saa moja Laban alimpeleka Hamad kazini. Ijumaa gari la kanisa lilipiga honi, naye akatoka mbio akifunga kifungo cha shati. Kazi ya vyungu aliendelea nayo, lakini sasa hakunywesha kitu kabla ya kukitambua. Alisimama na mpira wa maji, kidole gumba kikiwa kimeziba mdomo wa mpira, akaita jikoni.

"Shosho, njoo. Hii?"

"Mrehani."

"Na hii?"

"Mrehani. Hujui harufu?"

"Harufu najua. Nataka wewe ndiye useme. Hii?"

"Mnanaa. Niliupanda juzi."

"Na hii ndogo?"

Bi Sharifa alitoka, bakuli la maji ya choroko likiwa bado mkononi mwake, akainama juu ya chungu cha tano. Mche wenyewe ulikuwa na majani mawili tu, ya mviringo, na urefu wa ukucha. Ungeweza kuwa kitu chochote. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Siujui," alisema.

Laban aliung'oa, akauweka katika kiganja cha Bi Sharifa, kisha akaachia maji.